Malaika ipi? Rekodi za wimbo mmoja, na jinsi ya kuchagua inayokufaa

Majuma matatu kabla ya harusi yake, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Voi. "Shikamoo mjomba. Tunataka kuingia ukumbini na Malaika, na dijei anauliza ni ipi." Kabla sijajibu nikamsikia dada yangu mkubwa akisema nyuma yake: "Wimbo wa mtu aliyekosa mke, mtaupigaje harusini?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Nimeusikia wimbo huo tangu utotoni, kwenye redio ya baba, kwenye santuri, siku hizi kwenye simu, lakini sikuwa nimewahi kuziketisha rekodi zake pamoja na kuzilinganisha. Nilizichukua nne: ya Fadhili William, ya Miriam Makeba na Harry Belafonte, ya Boney M, na ya Angélique Kidjo. Haya ndiyo niliyomjibu mpwa, na niliyomjibu dada.

Anza na maneno

Wengi huchagua Malaika kwa sauti ya mwimbaji au kwa umaarufu wake. Kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili hiyo inatosha, maana yeye anasikia wimbo wa kubembeleza tu. Sisi tunasikia habari ya mahari. Kijana anampenda msichana, anakiri kuwa hana mali, na anasema angekuwa nayo angemwoa. Hakuna usaliti humo, hakuna mpinzani anayetajwa, hakuna aliyemkosea mwenzake. Kilichowatenga ni hesabu.

Uzito wote umebebwa na neno moja: ningekuoa. Ile -nge- ndiyo wimbo wenyewe. Kijana angeweza kusema nitakuoa, akajipa matumaini, au nataka kukuoa, akaomba. Amechagua kiungo kinachosema kwamba jambo halipo na sharti lake halijatimia. Mwimbaji anayelipita neno hilo haraka, ameupita wimbo.

Halafu sikiliza anavyotoka kwenye mali akaingia kwenye pesa. Mwanzoni kilichomshinda ni mali, na hilo ni neno la wazee, lina ng'ombe na mbuzi na shamba ndani yake. Mbele kidogo zinazomsumbua roho ni pesa, neno la mjini, la mshahara unaoisha kabla ya mwezi. Katika beti mbili tatu kijana ameshindwa nyumbani na ameshindwa Nairobi.

Na kuna kidege. Hapo waimbaji hugawanyika: wengine husema nakuwaza, wengine hukuwaza. La pili linanipendeza kwa sababu lina sura mbili. Ukilichukua kama hu- ya mazoea, kijana anasema kila siku anamuwaza. Ukilichukua kama kanusho la wakati uliopita, anamwambia msichana: wewe hukuwaza. Sidhani mtunzi alikusudia la pili, lakini usiku, ukiwa peke yako, sikio hulisikia.

Jina lenyewe lina mambo. Kwa Kiarabu malaika ni wengi. Kiswahili kimelichukua likawa la mmoja na la wengi pia. Tena sisi twaziita malaika zile nywele laini za mwilini, na mtoto mchanga naye ni malaika. Ndiyo maana wimbo huu wa kukosa mchumba umekuwa pia wimbo wa kulaza watoto, na hakuna anayeona ajabu.

Fadhili William: anayesema ukweli wake

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938, mtu wa Taita. Mdawida kwa lugha ya kwao ni Mtaita. Alirekodi Malaika na kundi lake la Jambo Boys karibu na mwaka 1960, kisha akairudia mwaka 1963 kwenye studio ya Equator Sound jijini Nairobi, iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod. Ni hii ya Equator iliyosambaa. Studio hiyo haikuwa ya mchezo: humo alikuwemo Daudi Kabaka, humo walikuwemo Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, na wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulifika Uingereza ukarekodiwa upya na The Tremeloes mwaka 1968. Fikiria basi: Nairobi ya miaka ile, uhuru unaingia Desemba 1963, na vijana wenye magitaa wanatengeneza nyimbo zinazovuka bahari bila wao kuvuka.

Ukiweka rekodi hii baada ya nyingine zote, kitu cha kwanza utakachokigundua ni kwamba Fadhili halii. Anaimba kwa utulivu wa mtu aliyeitwa kando na msichana akaulizwa, "Sasa itakuwaje?" naye anamweleza. Gitaa linamfuata taratibu, halimwongozi. Anaposema hana mali hapandishi sauti ili umwonee huruma. Anakujulisha tu. Mimi hapo ndipo ninapoumia, na nimewaona watu wazima wakiumia hapo hapo, hasa wanaume waliowahi kuketi kwenye mkeka wa wakwe wakihesabiwa walichopungukiwa.

Kiswahili chake ni cha nyumbani. Hakuna silabi inayokwaruza, hakuna neno linalovutwa ili litoshe kwenye mdundo. Ukitaka kumfundisha mtu Kiswahili kwa wimbo huu, au ukitaka wanafunzi waelewe -nge- bila ubao, mpe hii na usimpe nyingine kwanza.

Kasoro yake? Ni rekodi ya zamani. Kwenye spika kubwa za ukumbi sauti inakuwa nyembamba, na dijei asiyejali atakupigia nakala iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala. Tafuta iliyosafishwa vizuri, uijaribu ukumbini kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu nani aliutunga, ubishi ni wa miaka mingi na ulimfuata Fadhili mpaka alipofariki Februari 2001, baada ya kuishi Marekani miaka mingi na kurudi Kenya. Wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, na husimulia kuwa aliutunga alipokuwa akiishi Nairobi mwaka 1945 na 1946, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi walimwoza kwa tajiri. Wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Naye mwanamuziki Grant Charo alisimulia kuwa Fadhili aliutunga kwa mpenzi wa utotoni ambaye hakuweza kumtolea mahari. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba visa hivi ni tofauti, wasichana ni tofauti, na kilichowachukua ni kimoja. Yeyote aliyeutunga, hakuhitaji kubuni.

Kinachoniuma ni kwamba wimbo unaotambulisha Kiswahili duniani umekaa miaka yote hii bila jina moja la mtunzi linalokubaliwa na wote. Unapochapisha programu ya harusi au ya tamasha, andika angalau jina la Fadhili kama mwimbaji wa kwanza kuurekodi. Hilo wengi wanalikubali, na ni heshima ndogo ambayo haigharimu kitu.

Makeba na Belafonte: sauti mbili kwa neno moja

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja ya nyimbo za Kiafrika, na humo ndimo Malaika ilimoingia katika nyumba za Marekani. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966 upande wa muziki wa kienyeji. Makeba wakati huo alikuwa uhamishoni. Serikali ya makaburu ilikuwa imemfutia pasipoti. Belafonte naye hakuwa mgeni wa habari za kwetu: mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha za kuwapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki vyuoni Marekani, ule mpango wa ndege ulioanzishwa na Tom Mboya.

Kwa hiyo usidhani ni waimbaji wawili waliookota wimbo mzuri njiani. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ni nyimbo za Afrika Kusini, nyingi zina siasa ya kupinga ubaguzi ndani yake. Katikati yake wakaweka wimbo wa Kiswahili wa kijana asiye na mahari. Ukisikiliza albamu nzima mfululizo, utaona umaskini wa kijana yule umepata majirani.

Sasa jambo ambalo Mswahili yeyote atalisikia na msikilizaji wa nje hatalisikia kamwe. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba anaimba ningekuoa. Mara ya kwanza nilipolitilia maanani neno hilo kinywani mwake nilisimamisha wimbo nikaanza upya. Si kosa lake. Maneno aliyapokea hivyo na akayaheshimu. Lakini masikio yetu yana haki ya kushtuka, na ukimchagulia bibi harusi rekodi ya Makeba akiwa peke yake, jua kuwa kuna shangazi kwenye meza ya tatu atakayelisikia.

Katika ile ya wawili, mshtuko huo unapungua, kwa sababu sauti ya mwanamume ipo. Tena linatokea jambo ambalo Fadhili peke yake hawezi kulitoa: msichana anajibu. Katika rekodi ya Fadhili hatumsikii yule malaika hata mara moja; kijana anaongea na ukimya. Hapa kuna mwanamke anayeyarudia maneno yale yale, kana kwamba anasema nimesikia, na mimi pia sina. Umaskini umekuwa wa wawili. Ndiyo rekodi pekee kati ya hizi inayonipa hisia kwamba wale vijana walau waliagana vizuri.

Kwa matamshi, Makeba anamshinda Belafonte. Lugha alizokulia ni ndugu wa Kiswahili, na irabu zake zinakaa mahali pake, wazi, fupi, bila kumung'unywa. Belafonte ana upole mkubwa na anajitahidi kwa adabu, lakini utajua kuwa ni mtu aliyefundishwa maneno. Halinisumbui. Mtu anayeimba kwa lugha ya mwenzake kwa uangalifu namna ile ni mgeni anayevua viatu mlangoni.

Makeba aliendelea kuuimba wimbo huu jukwaani kwa miongo mingi, na ni kupitia kwake watu wengi duniani waliujua, hata wakadhani ni wa Afrika Kusini. Ukikutana na mtu wa namna hiyo msahihishe kwa upole.

Boney M: ya kucheza

Mwaka 1981, Boney M waliitoa kama singo, upande mmoja Malaika, upande wa pili Consuela Biaz. Kundi lilikuwa la Ujerumani chini ya mtayarishaji Frank Farian, waimbaji wake wakitoka visiwa vya Karibi. Kabla yao kundi la Sweden, Hep Stars, lilikuwa limeshaurekodi mwaka 1967, na mpiga kinanda wake, Benny Andersson, ndiye baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Naitaja hiyo ili uone wimbo ulivyofika mbali na mapema.

Hii ya Boney M ni ya studio kubwa: sauti za pamoja, mdundo ulionyooka, kila kitu kimepigwa pasi. Wazazi wetu waliicheza, na nawaelewa. Inapoanza, miguu inajua la kufanya. Lakini ningekuoa limekuwa neno la kujaza mahali. Ukiwa na ukumbi uliojaa watu waliokula wakashiba na unataka wainuke, ipige bila woga. Ukitaka mtu asikilize, iache.

Angélique Kidjo: ya usiku

Kidjo ni wa Benin, na amesema mara nyingi kuwa Makeba ndiye aliyemwonyesha kuwa mwanamke wa Kiafrika anaweza kuishika dunia kwa sauti yake. Alipoiweka Malaika kwenye albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991, aliipokea kutoka kwenye mkondo huo. Maneno yametoka Nairobi, yakapita kwa Makeba, yakafika Afrika Magharibi, na sasa yanaimbwa na mtu ambaye Kiswahili si lugha yake wala ya jirani yake.

Sauti yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote nne, na jambo la ajabu ni kwamba humu ameizuia. Anaimba polepole, anaacha nafasi, halafu mahali fulani anaifungua na chumba kinajaa. Fadhili anaeleza, Kidjo anaomboleza. Kwa sababu hiyo nisingeipiga harusini kabla ya keki. Nimeipiga kwa mtoto asiyetaka kulala, akalala. Nimeipiga pia nyumbani kwa jamaa waliompoteza mtoto mchanga, kwa kuombwa na mama yake mwenyewe, na hapo neno malaika lilirudi kwenye maana yake ya nyumbani. Sijui rekodi nyingine ambayo ingeweza kuibeba siku ile.

Swali la ningekuoa linabaki hapa pia, lakini kwa Kidjo nimelizoea kwa njia nyingine. Namsikia kama mtu anayesimulia: kulikuwa na kijana, na haya ndiyo aliyoyasema. Ukimsikia hivyo, neno linakaa.

Basi, uchague ipi

Kama msikilizaji anajua Kiswahili na utampa dakika chache za ukimya, mpe Fadhili. Sitabadilisha msimamo huo. Kama ni maharusi wanaoingia pamoja, wawili kwa wawili, rekodi ya Makeba na Belafonte inawafaa kwa sababu ya zile sauti mbili, na ubora wake unastahimili spika za ukumbi. Wageni wakichanganyika, wengine wa kutoka nje, hiyo hiyo haitamtenga mtu. Kwaya au bendi inayotaka kujifunza wimbo ijifunze maneno kwa Fadhili, kisha iende kwa Makeba kusikia jinsi sauti ya pili inavyoweza kukaa. Kidjo ni wa nyumbani, taa zikiwa zimepunguzwa. Boney M ni wa baada ya chakula.

Mwimbaji wa kike anayetaka kuuimba yeye mwenyewe mara nyingi huniuliza kama abadilishe, aseme ungenioa. Nimewasikia waliojaribu. Kisarufi imekaa sawa, lakini wimbo umegeuka: kijana aliyekuwa anakiri sasa amekuwa anayelaumiwa. Ni wimbo mwingine, na labda nao unastahili kuimbwa, ila mtu ajue anachokifanya. Ushauri wangu ni kuacha neno kama lilivyo na kuliimba kwa niaba ya kijana.

Kitu kimoja zaidi, kwa madijei. Msiukate wimbo huu baada ya ubeti wa kwanza. Ubeti wa pesa ndio unaoufanya ubeti wa mali uwe na maana, na nimehudhuria harusi nyingi mno ambapo wimbo ulizimwa kidege kikiwa bado hakijaruka.

Voi

Nilimpigia mpwa siku ya pili. Nikamwambia waingie na Makeba na Belafonte, na baadaye, wazee wakishakaa, apigwe Fadhili, mtoto wa Taita, katika ardhi ya Taita. Kisha nikaomba niongee na dada.

Yeye na mimi tulikuwa wote kwenye ujumbe wa mahari. Tulikwenda mara tatu, na kati ya safari ya pili na ya tatu ilipita miaka miwili ambayo kijana wetu alikuwa akiweka akiba kazini Mombasa na msichana akimsubiri, huku wachumba wengine wenye uwezo wakipita kwa baba yake. Nikamwambia dada: yule wa kwenye wimbo alisema ningekuoa, huyu wetu alikaa miaka miwili ndani ya neno hilo hilo, halafu akatoka. Ana haki ya kuingia nalo ukumbini.

"Amemaliza mahari?" dada akauliza, na anajua hesabu kuliko mimi.

"Amemaliza waliyokubaliana."

"Mahari haiishi," akasema, akarudisha simu.

Siku yenyewe maharusi waliingia kama tulivyopanga. Chakula kilipokwisha Fadhili akapigwa, na ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo sikuitarajia. Wazee kadhaa wakaanza kuimba chini chini. Ubeti wa kwanza ulipokwisha nikamwona dijei akipeleka mkono kwenye mashine ili aingize wimbo mwingine. Dada yangu alikuwa meza ya mbele. Aliinua kiganja bila kugeuka.

"Mwache amalize."